Sabuni ya Mama Mkubwa na Sufuria ya Harusi

Mapacha walipozaliwa nyumbani kwetu Kataki, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, sabuni ilianza kwisha kabla ya chumvi. Nepi za vitambaa, mashuka, vitenge vya wifi, nguo za wageni waliokuja kuona watoto wakalala mpaka Jumapili: vyote vilitaka kufuliwa, na vilifuliwa kwa maji ya ziwa. Anayefua kwa maji ya Tanganyika anaijua tabia yake. Ni maangavu, ukisimama ukingoni unaona kokoto za chini, lakini yana madini mengi, hasa magnesiamu, na sabuni ikikutana na madini hayo sehemu yake hugeuka utando unaong'ang'ania beseni badala ya kutoa povu. Unasugua, unapaka tena, na kipande kinayeyuka mkononi huku nguo bado inanuka maziwa.

Mama mkubwa aliiangalia hasara hiyo bila kusema. Jioni moja, tukila bukari na ndakala, akaweka tonge chini.

"Mawese yako sokoni," alisema. "Soda iko sokoni. Mikono tunayo. Tutapika sabuni."

Alisema kupika, na ndivyo alivyokusudia. Vita ya 1998 ilimvusha ziwa mpaka mkoa wa Kigoma, akaishi miaka mingi katika kambi ya Lugufu, na huko ndiko alikojifunza kazi hii kwa wanawake wenzake. Ziko njia mbili za kutengeneza sabuni kwa mafuta na soda kostiki. Ya kwanza ni kuchanganya, kumimina kwenye fremu, na kuacha soda na mafuta vimalizane vyenyewe. Sabuni hiyo hukaa kama wiki nne kabla ya kuguswa na ngozi kwa raha. Ya pili ni kuuweka mchanganyiko motoni na kuupika mpaka soda yote iwe imeliwa na mafuta, ndani ya saa chache. Kesho yake unakata, na ukiwa na shida unaweza kufulia, ingawa ikikauka wiki moja au mbili zaidi inakuwa ngumu na haiishi upesi. Kambini hakukuwa na mtu wa kungoja wiki nne. Walipika.

Papa aliifurahia habari hiyo kuliko sisi sote. Alifanya kazi reli maisha yake yote, na mapipa ya mawese yaliyokuwa yakishuka kwa treni kutoka upande wa Kongolo ni sehemu ya ujana wake. Reli ilifika mji huu mwaka 1915, enzi ukiitwa Albertville, na kila anapozungumza juu ya mafuta ya michikichi Papa huanzia nyuma zaidi ya hapo. Anaanzia 1911, mwaka ambao William Lever, Mwingereza wa sabuni ya Sunlight, alipewa na Wabelgiji haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi ya Kongo. Kampuni ikaitwa Huileries du Congo Belge, na kituo chake cha Kwilu, ambacho leo ni Lusanga, kikaitwa Leverville kwa jina la bwana huyo. Watu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu kwa malipo duni, na mwaka 1931 Wapende wa eneo hilo walipoasi, mamia yao waliuawa.

"Mafuta yalitoka hapa, sabuni ikaoga Uingereza," Papa alisema. "Leo mawese yetu yataishia kwenye uzi wetu wa kuanikia nguo."

Nilimwamini wakati ule, na bado naamini kwamba nyumba inayojua kugeuza mafuta yake kuwa sabuni yake imejipatia heshima ya pekee. Kwa hiyo sikuona ubaya wa wifi kutaka sabuni yenyewe iwe nyeupe. Ana macho ya usafi. Alitaka vipande vinavyofanana na vya dukani, tena alikuwa amesikia kwamba mawese yakichomwa sana motoni wekundu wake hupotea. Ni kweli, hupotea. Lakini mafuta yanatakiwa yapande mpaka karibu na nyuzi 200, yanatoa moshi unaochoma macho na kifua, na yakiendelea kupanda yanaweza kuwaka. Mama mkubwa alikataa.

"Mwanangu, nina mapacha ndani ya nyumba hii. Siwezi kuwasha mafuta uani ili sabuni ipendeze macho."

Wifi alinyamaza kwa adabu, lakini hakukubali.

Maandalizi yalikwenda kwa utaratibu wake. Mama mkubwa alipanga kilo nne za mawese na kilo moja ya mafuta ya kokwa, yale ambayo ng'ambo, Kigoma, wanayaita mise. Mawese hufanya kipande kiwe kigumu na kidumu. Mise huleta povu. Kila mafuta yana kipimo chake cha soda: kilo moja ya mawese hula kama gramu 141, kilo ya mise kama 176. Hesabu ya jumla inakaribia gramu 740. Unapunguza kidogo, asilimia tano hivi, ili mafuta yawe na ziada na soda isibaki hata chembe. Zinabaki gramu 700. Maji, lita moja na robo tatu. Tena yawe maji ya mvua, ambayo hayana madini ya ziwa, na kwa kuwa tulikuwa katikati ya kiangazi, maji pekee ya namna hiyo yalikuwa kwenye pipa la plastiki nyuma ya nyumba, lililojaa tangu mvua za mwisho na kufunikwa vizuri. Mama mkubwa alilichunga pipa hilo, hakuna aliyeruhusiwa kuchota hata kikombe.

Asubuhi ya siku yenyewe alikwenda kanisani kwenye kikao cha akina mama. Aliacha maagizo: yeye asipokuwepo, mtu asianze. Kaka yangu ni mtu mwema mwenye haraka. Alitaka mama mkubwa akirudi akute kazi imeshika njia, apumzike, aelekeze tu akiwa ameketi. Mizani ilikuwa imeazimwa na jirani, kwa hiyo akapima soda kwa gobele, yaani kikombe. Alikumbuka jambo moja kubwa na akalifanya sawasawa: soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya soda, maana yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Alijifunga kitambaa puani. Alikaa upande upepo unakotokea. Yote hayo aliyafanya vizuri. Chombo alichochagua kilikuwa sufuria kubwa ya wifi, ile aliyopewa na mama yake siku ya harusi, sufuria ya aluminiamu inayotosha kupikia watu thelathini.

Mimi na wifi tulikuwa barazani tunaogesha mapacha. Tulisikia mlio wa kuchemka, tukadhani ni maji ya moto. Kisha harufu kali ikafika, na tulipogeuka sufuria ilikuwa inafoka povu la kijivu mpaka mdomoni, na kaka amerudi nyuma hatua kadhaa, mikono juu.

"Haiko motoni!" alipaza sauti. "Sijaweka moto!"

Haikuhitaji moto. Soda kostiki huila aluminiamu. Inaanza na ule utando mwembamba unaokinga metali hiyo, kisha inaingia ndani, joto linapanda, na hewa ya haidrojeni inatoka kwa wingi, hewa ambayo cheche moja inatosha kuiwasha. Hatua chache tu kutoka pale, mbabula ya chai ilikuwa na makaa mekundu. Wifi alinitupia mtoto mmoja juu ya yule niliyekuwa naye, akaruka, akaikamata mbabula kwa mishikio yake na kukimbia nayo mpaka barabarani. Sijapata kumwona mtu aliyetoka kujifungua akikimbia vile. Nikaingia ndani na watoto, nikafunga mlango.

Povu lilipotulia, sufuria ilikuwa nyeusi ndani na chini imetoboka matundu ambayo ungeweza kupitisha kidole. Maji yake yalikuwa yananywea ardhini. Mama mkubwa alitokea langoni wakati huohuo, Biblia mkononi, akatazama, akaelewa kila kitu bila kuelezwa. Aliuliza jambo moja tu.

"Kuna aliyeguswa?"

Hakuna. Ndipo akavua viatu vya kanisani na kuagiza udongo ule umwagiwe maji mengi, watoto wa jirani waondolewe, bata wafungiwe. Wifi aliokota sufuria kwa kitambaa, akaisuuza, akaiegemeza ukutani. Hakulia na hakumtukana mumewe. Alisema, "Hiyo ilikuwa ya mama," akaingia ndani kunyonyesha.

Kwa kazi hii vyombo vinavyofaa ni vichache: chuma, chuma kisichoshika kutu, enameli isiyobanduka, na plastiki ngumu kwa kuyeyushia soda. Mwiko uwe wa mti. Aluminiamu, ambayo ndiyo sufuria ya karibu kila jiko mjini kwetu, haifai hata kwa dakika moja. Papa alikwenda stooni akatoa chungu cha chuma cha enzi zake za reli, kizito, kilichotumiwa zamani kuyeyushia lami, tukakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa. Soda nyingine ilinunuliwa sokoni. Mizani ilikuwa bado haijarudi, jirani mwenyewe amesafiri kwenda Moba, basi hata safari hii ikapimwa kwa gobele, Mama mkubwa akisimamia kwa uso usioridhika.

Mafuta yalipashwa moto. Maji ya soda, yaliyopoa kidogo ndani ya ndoo, yakamiminwa humo taratibu huku mdogo wangu, kijana wa darasa la mwisho la shule ya msingi, akikoroga. Alilipenda jukumu hilo. Rangi ya mawese iligeuka kutoka wekundu kuwa ya chungwa iliyofifia, mchanganyiko ukawa mzito, na mwiko ulipoinuliwa tone likaacha alama juu yake kabla ya kuzama. Kuanzia hapo moto unapaswa kuwa mdogo na wa kudumu. Mchanganyiko hujitenga, hukusanyika tena, huvimba.

Huvimba sana, na hapa ndipo chungu cha Papa kilipotuponza. Kilikuwa kimejaa kupita nusu. Chungu cha sabuni kinatakiwa kiwe na nafasi tupu kubwa kuliko sabuni yenyewe, maana inapopata joto hupanda kwa ghafla. Nao upepo wa kiangazi, ule wa kusini-mashariki unaokuja moja kwa moja kutoka ziwani, ulianza kuvuma alasiri kama ilivyo desturi yake, ukaingia mbabula na kuyachochea makaa kuliko ambavyo mtu yeyote angeyachochea. Sabuni ilipanda. Mama mkubwa alipiga kelele, "Toa motoni!" Mdogo wangu, badala ya kurudi nyuma, alishika mshikio ili akiokoe chungu, na uji ule wa moto, ambao soda yake ilikuwa bado haijaliwa yote, ukamwagika juu ya mkono wake kutoka kiwikoni mpaka kiganjani.

Naandika sehemu hii polepole kwa sababu nataka isomwe polepole. Jirani mmoja alikuja mbio na ndimu, moja akiwa ameshaikata, kwa imani kwamba ukali wa ndimu utaua ukali wa soda. Alikuwa na huruma ya kweli, na Mama mkubwa alimsukuma kwa mkono wote. Tindikali na soda vikikutana juu ya ngozi hutoa joto jingine juu ya kidonda. Mafuta nayo hayafai, unga haufai, wala dawa ya meno. Kinachofaa ni maji, mengi, yanayotiririka, kwa muda mrefu. Alimburuta mdogo wangu mpaka nyuma ya nyumba, akang'oa kifuniko cha pipa la maji ya mvua, lile pipa ambalo hatukuruhusiwa kuligusa, akaanza kummwagia. Gobele baada ya gobele. Kijana alipotulia na kusema haumi tena, hakuacha. Nilimsaidia mikono yake ilipochoka. Tulimwaga mpaka pipa likafika chini, tukamvua shati lililolowa soda, kisha kaka akampakia kwenye pikipiki kwenda kituo cha afya. Muuguzi alisema maji yale ndiyo yaliyouokoa mkono. Ngozi ilibabuka, ikapona, ikaacha baka lililopauka. Soda kostiki haikomi kuchoma kwa sababu maumivu yamepungua. Inaendelea kuingia ndani mpaka iondolewe, ndiyo maana kumwaga maji kunapaswa kuendelea nusu saa na zaidi.

Nusu ya sabuni ilikuwa bado chunguni. Wifi ndiye aliyesema tuendelee. Alitoka ndani, akafunga kitenge vizuri, akavaa glavu za Papa na mikono mirefu, akashika mwiko.

"Mkono wa mtoto umeungua kwa ajili ya sabuni hii," alisema. "Haitatupwa."

Tulisogeza mbabula nyuma ya ukuta, upepo usikoweza kuifikia, tukapunguza makaa. Akakoroga mpaka giza likaingia. Sasa, kwa kuwa chungu kilikuwa na nafasi, mchanganyiko ulipanda na kushuka bila kufurika, na saa zilivyokwenda mabonge yalilainika, rangi ikaanza kung'aa, na kingo zikawa zinapitisha mwanga, nzito na laini mithili ya Vaseline. Hiyo ndiyo dalili ya kuiva. Mama mkubwa alichukua kipande kidogo, akakipoza, akakilowesha, akasugua kwa kidole, akagusisha ulimi kidogo tu. Uliuma. Sabuni iliyobakiwa na soda huuma ulimini mara moja, hata kwa kiasi kidogo kama kile, na kupika zaidi peke yake hakuiondoi. Gobele ilikuwa imezidisha soda, jambo ambalo mizani isingefanya. Akaongeza mawese kidogo, akaacha vipikike, akajaribu tena, akaongeza tena, mpaka ulimi ukaonja sabuni na si kitu kingine.

Ilimiminwa kwenye kreti la mbao lililotandikwa plastiki. Asubuhi tuliikata kwa waya. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, kingo zake hazikunyooka, na sehemu ya juu ilikuwa na mawimbi kwa sababu sabuni ya kupikwa haitulii sawa kama ile ya kuchanganywa tu. Wifi alichukua kipande cha kwanza bila kusema, akaenda kufua nepi. Povu lilikuwa na umanjano mdogo ambao ulisuuzika. Nepi zilitoka nyeupe. Tangu siku hiyo hajazungumzia tena kuchoma mawese, na sasa yeye ndiye anayepika sabuni ya nyumba hii. Sabuni ya mpiko uliofuata, uliopimwa kwa mizani mpya na kupikwa ndani ya nusu ya pipa la chuma, iliuzwa mpaka Lubuye, na kwa fedha hizo kaka alimnunulia sufuria. Ile iliyotoboka ilikwenda kwa mafundi wanaoyeyusha aluminiamu.

Kipande cha pili kiliwekwa kando ya ndoo ya maji mlangoni mwa choo, na hapo hakijakosekana tena. Mji wetu unakijua kipindupindu. Kinarudi, kinachukua watoto na watu wazima, kinaondoka, kinarudi. Tunapika bukari, tunashika tonge kwa vidole, tunalisha watoto kwa vidole hivyohivyo. Ndoo ya maji bila sabuni kando yake ni nusu ya kinga, na kwa familia nyingi kinachokosekana ni fedha ya kile kipande. Ndiyo maana, pamoja na mkono wa mdogo wangu na sufuria ya wifi, nasema kazi hii inastahili kufanywa, na ifanywe na watu wengi zaidi.

Lakini ninakuomba, msomaji, kabla hujanunua soda, nunua au azima mizani, na kama mizani haipo, ahirisha. Usiihifadhi soda, wala maji yake, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Watoto hawatofautishi, na kinywaji hicho huunguza koo na njia ya chakula kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kushindwa kumeza maisha yake yote. Iweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana, kilichoandikwa, juu pasipofikika, chini ya kufuli. Mtoto akiinywa, usimtapishe, maana itaunguza njia ileile mara ya pili. Msukutulie kinywa kwa maji, kisha mpeleke hospitali saa hiyohiyo.